Je, Mpanda Baiskeli Apige Kengele?

Hapa Bugarama baiskeli si kitu cha kuchezea. Ndiyo ipelekayo mpunga mashineni, ndiyo iletayo mkaa toka porini na madumu ya maji toka kisimani, na mara nyingine ndiyo impelekayo mgonjwa zahanati. Wazazi wengi wanaokuja kututazama hapa bwenini huja kwa baiskeli, na sanduku au godoro la mtoto limefungwa kwenye keria kwa mpira. Siku ya gulio, ukisimama kando ya barabara itokayo Kahama kwenda Kakola na Geita, utaona baiskeli zinapita mfululizo kama siafu.

Lakini zitazame usukani. Nyingi hazina kengele. Nyingine zina kikombe tu, na ndani hamna kitu. Ukimwuliza mwenyewe atakujibu, "Ya nini? Mdomo ninao." Kuna na wengine ambao wanazo, nao huzipiga bila kukoma toka nyumbani hadi sokoni, kana kwamba njia waliachiwa urithi na babu zao.

Muhula huu jambo hili limezungumzwa sana bwenini kwetu, kwa sababu mwenzetu mmoja wa Kidato cha Pili aligongwa na baiskeli kwa nyuma alipokuwa akirudi kuchota maji. Aliteguka kiwiko cha mkono wa kulia, na kwa majuma matatu hakuweza kuandika. Wengine walisema kosa ni la mpanda baiskeli, maana hakuwa na kengele. Wengine wakasema kengele isingalisaidia kitu. Mimi naona yafaa tulichunguze jambo hili kama tunavyochunguza mambo darasani: tukitazame kitu chenyewe, tukijaribu, tupige hesabu, kisha ndipo tutoe hukumu.

KENGELE NI KITU GANI

Baiskeli hutembea kama paka. Lori lina ngurumo, pikipiki ina mlio, mkokoteni wa ng'ombe una magurudumu yaliayo. Lakini baiskeli ambayo cheni yake imetiwa mafuta hufika mgongoni pako kabla hujajua. Sote twaijua hadithi ya panya waliofanya mkutano wakakata shauri paka avishwe kengele, wapate kusikia anapokuja. Panya wale walifikiri sawasawa, ila walimkosa wa kwenda kuifunga. Sisi hatuna taabu hiyo, maana baiskeli haina makucha.

Mafundi wa baiskeli waliliona jambo hili mapema. Mwaka 1877 mtu mmoja wa Birmingham, Uingereza, jina lake John Richard Dedicoat, alipewa hati ya uvumbuzi kwa ajili ya kengele ya baiskeli. Kengele tulizo nazo leo ni za ukoo huo.

Ukiifungua kengele ya kawaida utaona wenzo mdogo unaosukumwa kwa kidole gumba. Wenzo huo una meno, nayo huzungusha vigurudumu vya meno vilivyo ndani. Kigurudumu cha mwisho huzunguka mbio sana, nacho kimebeba vipande viwili vya chuma vilivyolegea. Kikizunguka, vipande hivyo hutupwa nje na kugonga kikombe. Kikombe hutikisika, hewa iliyokizunguka hutikisika nacho, na mtikisiko huo ukifika sikioni ndio tunaouita sauti. Springi nayo huurudisha wenzo mahali pake.

Kikombe kimefungwa kwa skrubu katikati, si pembeni, kwa sababu katikati ndipo pasipotikisika. Ukingo ndio utikisikao. Jaribu kuushika ukingo kwa vidole, kisha piga kengele: utasikia mlio umekufa, "tak", kama kijiko juu ya ubao. Kwa hiyo kengele iliyojaa matope ya masika, au iliyoguswa na kamba ya mzigo, hailii. Watu wengi huitupa wakidhani imekufa, kumbe inataka kufunguliwa, kufutwa vumbi, na kutiwa tone moja la mafuta penye meno. Kikombe chenyewe kisitiwe mafuta, wala kisikazwe mpaka kikagusa bati la chini.

HESABU YAKE

Tuseme mpanda baiskeli anakwenda mwendo wa kilomita 18 kwa saa, ambao ni mwendo wa kawaida njia ikiwa nzuri. Kilomita 18 ni mita 18,000, na saa moja ina sekunde 3,600. Gawanya, utapata mita 5 kwa sekunde. Mbele yake yupo mtu anayekwenda kwa miguu njia ile ile, mwendo wa mita moja na nusu kwa sekunde, naye amempa mgongo. Kwa hiyo baiskeli inamkaribia kwa mita tatu na nusu kila sekunde.

Akipiga kengele akiwa mita 35 nyuma yake, yaani kama theluthi ya urefu wa uwanja wetu wa mpira, mtu yule ana sekunde 10 za kusikia, kugeuka, kutazama na kupisha. Akipiga akiwa mita 7, ana sekunde 2. Akipiga akiwa mita 3 na nusu, ana sekunde moja tu, na sekunde moja huisha shingo ikiwa bado inageuka.

Msidhani kwamba ni sauti inayochelewa. Sauti hupita hewani mita 340 hivi kwa sekunde moja. Zile mita 35 huzimaliza kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Anayechelewa ni binadamu. Lazima asikie, ajue ni kitu gani, ajue kinatoka upande gani, aamue aende wapi, kisha miguu imtii. Kama ana ndoo ya maji kichwani na mtoto mgongoni, huchelewa zaidi.

Sasa tuitazame breki. Tukadirie kwamba breki za mpira, penye vumbi letu hili, huweza kupunguza mwendo kwa mita 2 na nusu kwa sekunde katika kila sekunde. Anayekwenda mita 5 kwa sekunde atasimama baada ya mita 5. Lakini mteremkoni, akiwa na mwendo wa mita 7 na nusu kwa sekunde, hatasimama mpaka apite mita 11 na zaidi, nasi bado hatujahesabu mzigo wala mteremko wenyewe. Mwendo umeongezeka nusu tu, lakini umbali wa kusimama umezidi mara mbili. Hii ndiyo kanuni tuliyofundishwa, kwamba nguvu iliyomo katika kitu kiendacho hufuata kipeo cha pili cha mwendo wake.

Kwa hesabu hii twajifunza jambo moja kubwa: kengele hufaa ikipigwa mapema. Ikipigwa karibu haiwi onyo tena, huwa ni tangazo la ajali.

MAHALI AMBAPO KENGELE HAITOSHI

Mimi na wenzangu wawili tulijaribu wenyewe. Mmoja alisimama golini na kitambaa machoni, mwingine alisogea toka goli la pili akipiga kengele, nami nikatazama ni wapi mwenzetu atanyosha mkono kuonyesha kwamba amesikia. Asubuhi na mapema, kabla ya watu kuanza shughuli, aliisikia toka goli hadi goli. Jioni, mashine ya kusaga nafaka ilipokuwa ikiunguruma na pikipiki zikipita, hakunyosha mkono mpaka kengele ilipokuwa karibu naye kabisa. Kengele ilikuwa ile ile na sikio lile lile, lakini kelele za pembeni ziliimeza sauti.

Tena sauti hudhoofika upesi kwa umbali. Ukienda mbali mara mbili, nguvu yake hubaki robo. Na mji wetu si mahali pa kimya. Tangu mgodi wa Bulyanhulu ulipoanza kutoa dhahabu mwaka 2001, watu wameongezeka, malori yameongezeka, na wachimbaji wadogo wana makarasha yao ya kuponda mawe. Mahali kama hapo mpanda baiskeli asidhani kwamba kila asiyegeuka ni mkaidi.

Hili nalisema kwa sababu limetupata nyumbani. Mjomba wangu alifanya kazi miaka mingi penye karasha bila kitu cha kuziba masikio, na leo masikio yake yamechoka. Ukitaka kuzungumza naye lazima usimame mbele yake. Mwaka jana, wakati wa kupandikiza mpunga, aligongwa kwa nyuma na kijana aliyebeba magunia mawili ya mkaa, akavunjika mkono. Msimu ule shangazi alipandikiza peke yake pamoja na sisi watoto tuliokuwa likizo, na sehemu ya jaruba ilibaki bila kupandwa.

Wazee waliketi kwa balozi kulisikiliza jambo hili. Yule kijana hakuwa mtu mbaya. Alisimama kwa adabu akasema, "Wazee wangu, nilipiga kengele mara tatu." Kwa kweli hata watu waliokuwa shambani walishuhudia kwamba alipiga. Ndipo mzee mmoja akamwuliza, "Ya kwanza ulipiga, hakugeuka. Ya pili ulipiga, hakugeuka. Sasa mwanangu, ya tatu ulikuwa unampigia nani?" Kijana akanyamaza. Baadaye alikuja na ndugu zake wawili wakatusaidia kupalilia, na mpaka leo akimkuta mjomba njiani hushuka chini, humzunguka, humwamkia uso kwa uso, ndipo hupanda tena.

Swali la mzee yule naliona ni somo zima. Mtu akipiga kengele asijibiwe, hapo kengele imekwisha kazi yake, na kazi imebaki kwa breki. Kiziwi hasikii. Mtoto mdogo husikia lakini hajui maana yake. Kijana wa siku hizi ametia hedifoni masikioni anasikiliza muziki. Ng'ombe naye husikia sana, lakini kengele kwake ni jambo la kawaida, maana pengine anayo shingoni. Hawezi kujua kwamba hii ya sasa inamtaka apishe. Penye kundi la ng'ombe, shuka ukokote baiskeli yako.

WATU WA MAHALI PENGINE

Kuomba njia si desturi ya baiskeli peke yake. Katika miji ya pwani, yenye vichochoro vyembamba, wachukuzi na wenye punda tangu zamani walikuwa na neno lao: "Simile!" Maana yake ni kwamba, jamani nipisheni, kuna mzigo. Tena walitaja na kitu chenyewe, "Simile punda!" au "Simile ubao!", ili mtu ajue aepe nini. Hiyo ilikuwa kengele ya mdomo, nayo ilikuwa na akili, kwa sababu ilieleza.

Mkataba wa kimataifa juu ya mwendo wa barabarani, uliotiwa sahihi Vienna mwaka 1968, umesema katika kifungu cha 44 kwamba baiskeli iwe na breki ifanyayo kazi, na kengele iwezayo kusikika kwa umbali wa kutosha, wala isiwe na chombo kingine cha kupiga kelele. Tazameni kwamba breki imetajwa kwanza, ndipo kengele. Mkataba huo wataka pia taa, na kioo chekundu nyuma kiwezacho kurudisha nuru.

Uingereza, tangu mwaka 2004, baiskeli mpya haina budi kuuzwa ikiwa na kengele. Japani wamekwenda mbele zaidi katika jambo la adabu. Kule sheria yataka baiskeli iwe na kengele, lakini sheria za huko zamkataza mtu kuipiga ovyo. Ataipiga penye alama ya kumwagiza hivyo, au ili kuepusha hatari. Akiwa juu ya njia ya wenda kwa miguu, hana ruhusa ya kuwafukuza kwa kengele. Inampasa kwenda polepole, na ikiwa anawazuia watu, asimame. Mimi nalipenda jambo hili, kwa sababu laonyesha kwamba kuwa na kengele ni jambo moja, na kujua wakati wa kuipiga ni jambo la pili.

WASEMAO KWAMBA KENGELE NI UFIDHULI

Wapo wazee wetu wasioipenda kengele kabisa. Husema, "Mimi si ng'ombe wa kufukuzwa njiani na mtoto." Maneno yao yana haki ndani yake. Kwetu Usukumani, kijana hampiti mzee bila kumwamkia. Akipita anampigia kengele tu, "kring kring", bila neno, ni kama amemwambia ondoka.

Tena kengele ya ghafula humshtua mtu, naye mshtuko humrusha upande wowote, pengine upande ule ule ambao baiskeli inataka kupita. Nimeliona hili mara nyingi: mwenda kwa miguu aruka kushoto, mpanda baiskeli naye kushoto, wote wawili waenda kulia, mwisho wakutana katikati.

Lakini sikubali kwamba dawa ni kuacha kengele. Sauti ya mtu peke yake haitoshi, kwa maana mpanda mlima mwenye gunia la kilo 100 nyuma yake hana pumzi ya kuita, na njiani watu huita mambo mengi, mtu hajui kama ameitwa yeye. Kengele ina faida hii, kwamba kila aisikiaye ajua mara moja: ni baiskeli, tena yaja. Dawa ni kuviunganisha viwili hivi. Kengele itangulie mbali, na salamu ifuate karibu. Kengele mara moja au mbili toka mita 30 au 40, kisha punguza mwendo, na ukifika karibu sema, "Mwadila, mzee, napita kulia kwako." Hapo hakuna mshtuko wala matusi, na mzee atakuombea safari njema.

HUKUMU YANGU

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, mpanda baiskeli apige kengele. Lakini ajue kwamba kengele yaomba njia, haiamuru njia. Aliye mbele hana kosa kwa kuwa mbele. Mwenye kuja nyuma ndiye aonaye, basi mzigo wa kuepusha ajali ni wake. Nami nawawekea wenzangu sheria hizi chache, ambazo mtu aweza kuzishika bila kitabu:

Kwanza, kabla ya safari jaribu breki, kisha kengele. Baiskeli isiyo na breki isipakie mtu wala mzigo, hata ikiwa na kengele tatu.

Pili, piga mapema, piga mara chache. Anayepiga kila hatua huwazoesha watu kutomsikiliza.

Tatu, usipoona dalili kwamba umesikiwa, yaani kichwa kugeuka au mtu kusogea, hesabu kwamba hukusikiwa. Shika breki. Ikibidi, shuka.

Nne, penye kelele za mashine, penye gulio, penye watoto watokao shule, na penye mifugo, usitegemee kengele hata kidogo. Nenda mwendo wa mtu wa miguu.

Tano, usifunge redio au spika kubwa kwenye usukani ukaifungulia mpaka mwisho. Hutasikiwa kengele yako, wala wewe hutasikia honi ya lori lililo nyuma yako.

Sita, usiku kengele haiwezi kuwa badala ya taa. Mtu aweza kukusikia asijue ulipo.

Na sisi tuendao kwa miguu tunao wajibu wetu pia. Katika Tanzania vyombo hupita kushoto. Basi penye barabara kubwa tutembee ukingo wa kulia, tupate kuviona vinavyokuja mbele yetu. Tusitembee watano kwa safu, kama tufanyavyo tukitoka kisimani. Tukisikia kengele tusiruke. Tutazame kwanza, ndipo tusogee upande mmoja na kubaki huko. Na mwenye kujua kwamba mwenziwe hasikii vizuri, amwache atembee upande wa ndani.

Mwisho nina ombi kwa walimu na wazazi. Wanafunzi wa kutwa huja kila siku kwa baiskeli, na wengi wamepakia wadogo zao. Ingekuwa vema kila mwanzo wa muhula baiskeli hizo zikaguliwe shuleni, breki kwanza, kengele baadaye, na wale wenzetu wapendao ufundi wafundishwe kuzitengeneza kengele zilizoziba. Kazi hiyo haihitaji vifaa vingi: bisibisi, kitambaa na mafuta kidogo. Mzazi naye akinunua kengele kwa ajili ya mtoto, asiishie kuifunga kwenye usukani. Amfundishe siku hiyo hiyo namna ya kuipiga na namna ya kuamkia, maana wahenga walisema, tahadhari kabla ya hatari.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne